Niacheni Nivuke

Mimi nilianza kukimbia peke yangu, na hilo nataka lijulikane kabla ya jambo lingine lolote. Sikuombwa na mtu, sikufundishwa na mtu, na wala sina kisukari. Nasema hivyo kwa sababu mtaa wetu mzima wa Tshopo uliamua kwamba mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa biolojia, mama wa watoto wakubwa, hawezi kutoka nyumbani alfajiri akakimbia barabarani ila daktari amemtisha. "Mama, iko sukari?" wananiuliza. Hapana. "Basi presha." Hapana! "Bon. Mungu atasaidia." Na mtu anaondoka akinionea huruma, mimi nimebaki pale natweta, sina ugonjwa wowote isipokuwa wao.

Halafu kuna watu wa toleka. Toleka kwetu Kisangani ni baiskeli ya kubeba abiria, yenye kiti cha sponji nyuma, na ingawa pikipiki zimewanyang'anya kazi, waliobaki hawajakata tamaa. Mmoja wao alinichagua mimi. Kila asubuhi alinifuata taratibu, ubavuni kwangu, akigonga kengele.

"Panda, mama."

"Ninakimbia."

"Naona. Panda."

"Nikipanda sitakuwa ninakimbia!"

"Njo maana nasema panda."

Siku moja nilisimama katikati ya barabara nikamfokea mpaka wanafunzi wangu wawili, waliokuwa wanakwenda shule, wakabadili njia. Hakukasirika hata kidogo. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba si vizuri mutu mukubwa kuteseka hivi mbele ya batu, na kwamba ile siku nitakayochoka, yeye yuko.

Sasa mtu atauliza kwa nini nilijisumbua. Nilikuwa nimechoka kubebwa, basi. Nimeingia mji huu nikiwa mtoto, kutoka Maniema, nimebebwa juu ya magunia ya mchele. Nimeolewa nikabebwa. Nimekwenda kazini miaka yote nyuma ya pikipiki za watu, nimeshika koti la mtu nisiyemjua, nimefumba macho kwenye mashimo. Nikafika mahali nikataka kufika sehemu moja tu kwa nguvu zangu mwenyewe, bila mtu kunipokea mzigo wala kunishika mkono. Nilidhani ni ombi dogo.

Nilikimbia peke yangu mwaka mzima. Kisha wakaja wanaume.

Wa kwanza simlalamikii sana. Ni fundi wa baiskeli, mtu wa familia za mtoni huko Yanonge, tunamwita tonton, yaani mjomba. Yeye alinitengenezea baiskeli ya kwendea barabara ya Buta, na yeye alinifundisha kuogelea mto Tshopo, juu kabisa, mbali na barazhi, lile bwawa la umeme, pale maji yanapotulia. Nilijifunza nimevaa suruali ya kubana na jezi ya mikono mirefu, maana nyumbani kwetu tulilelewa hivyo, na watoto wa ukingoni walishangilia kila nilipoibuka. Tonton alikuwa mvumilivu. Kasoro yake ni moja: anakubaliana na kila mtu. Ukimwambia mvua inakuja anasema ndiyo, ukimwambia haiji anasema ndiyo.

Wa pili ni mtu wa ofisi ya serikali, na yeye ndiye aliyenimaliza. Alijiunga nasi kwa sababu ya tumbo. Wiki ya kwanza alikuwa nyuma yangu, anahema, anatembea, anaomba maji. Nilimsubiri. Mimi! Nilimsubiri, nikampa maji yangu na ndizi yangu. Tumbo likaisha, akanunua filimbi, na kuanzia siku ile akawa Kocha. Hakuna aliyempigia kura. Filimbi ilimtosha.

Kocha alileta sheria. Sheria yake aliyoipenda kuliko zote ilisema hakuna mtu anayeachwa nyuma: aliye mbele akifika, anageuka, anarudi kumchukua wa mwisho. Ukisikia hivyo unasema lo, sheria nzuri, sheria ya upendo. Subiri uwe wewe ndiye wa mwisho. Kila Jumamosi, tukitoka kwenye baiskeli na kuanza mbio, niliwaona wanapotea mbele, halafu baada ya muda namwona Kocha anarudi, jasho halijamtoka, anakuja kunikimbilia ubavuni na kuniambia, "Courage, mama, tumefika." Tumefika nani? Wewe umefika! Mimi bado niko hapa! Hata nilipobakiza mita chache kufika darajani, mwisho wa mbio zetu, alirudi. Sikuwahi, hata siku moja, kufika mahali peke yangu. Nikimwambia aniache, anapuliza filimbi. Nikilalamika kwa tonton, tonton anasema ndiyo, ni kweli, halafu Kocha anasema sheria ni sheria, na tonton anasema ndiyo, ni kweli.

Wazo la Isangi lilikuwa langu. Hilo pia nataka lijulikane. Nililitoa siku moja tumekaa tunakula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki baada ya mazoezi. Nikasema: kwa nini tusivuke mto mkubwa, si huu wa Tshopo, kwa kuogelea, tutokee Lubunga, tuchukue baiskeli, tushuke kwa barabara ya ng'ambo kupitia Yanonge, halafu tumalizie kwa mbio tukiingia Isangi? Tonton akasema ndiyo. Kocha akafuta vidole, akatazama mbali, akasema, "Alors, mie nilikuwa nafikiri kitu kama ile." Niliacha kula.

Kabla ya mwisho wa wiki safari ilikuwa yake, na ilikuwa na masharti. Tungefanya kwanza jaribio la kuvuka mto, Jumapili moja asubuhi. Siku hiyo hakuna kurudi kumchukua mtu. Atakayefika ng'ambo kwa mikono yake, anakwenda Isangi. Atakayepanda mtumbwi, anabaki. Alisema hayo akinitazama mimi, kwa huruma, na nilimshukuru kwa moyo wangu wote, kwa sababu ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Usiku nililala nikipiga mikono kitandani. Mume wangu alihamia sebuleni.

Bidoni, yaani dumu la plastiki, nalo ni wazo la Kocha. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba waogeleaji wa nchi nyingine wanajifunga kiunoni kitu chenye rangi kali kinachoelea nyuma yao, ili maboti yawaone na ili ukichoka ukishike. Sisi kitu hicho tutakipata wapi? Akaleta mabidoni matatu ya njano, ya mafuta ya mawese, akayafunga vizuri, akayatia kamba. Sitamnyima haki yake, lilikuwa wazo zuri. Wote watatu tulilisifu. Hata tonton, mtoto wa mto, alilisifu, lakini yeye husifu kila kitu.

Jumapili ikafika. Pale bichi, mahali mitumbwi inapopakia watu wa kwenda Lubunga, tulimkodi mama mmoja mwenye mabega mapana atusindikize na mtumbwi wake. Nikamweleza: hawa wanaume wawili wanakwenda haraka, waache, wewe kaa na mimi, nyuma-nyuma, usiniguse. "Nisikuguse?" Usiniguse. "Hata ukilia?" Hata nikilia. Alinitazama kuanzia kofia mpaka miguu, akasema nimelipwa, nitatii. Watu wa bichi walikuwa wamekusanyika. Mmoja akauliza kama madame amekosana na bwana yake. Mwingine akajibu hapana, ni watu wa kanisa jipya.

Tuko tayari, filimbi iko mdomoni, akatokea mwanamke na mtoto mchanga mwenye homa, anataka kuvuka arudi kwao. Nyuma yake papa mmoja, mzee wa watu, na mbuzi. Nyuma ya papa, mama na mafungu ya pondu, majani ya muhogo. Nikamwambia mama wa mtumbwi: tumekukodi! Akanijibu, kwa mshangao wa kweli, "Na batu hawa, niwaache?" Mtumbwi unavuka, nafasi iko, mtu anakuomba, wewe unapita kama hujamwona? Mtoni kwetu hakuna mtu anayefanya hivyo. Hata mimi, na hasira zangu, nilisogea nikampisha yule mtoto. Wakapanda wote, na mbuzi.

Nikaingia majini. Mto wetu si wa kudharau. Ukitaka kufika bichi ya ng'ambo lazima uelekeze kichwa upande wa juu, kana kwamba unakwenda mahali pengine kabisa, na mkondo wenyewe ukuteremshe mpaka unapopataka. Tonton alinifundisha hivyo na nilifanya hivyo. Wanaume walinitangulia mara moja. Nilikuwa naona bidoni la Kocha linarukaruka mbele, kisha sikuliona tena. Mtumbwi ulikuwa ubavuni, na kila nilipogeuza uso kuvuta pumzi nilimwona mbuzi ananitazama.

Kabla hatujafika katikati, mtoto akaanza kulia. Jua lilikuwa linapanda, mama yake anamfunika kwa kitenge, papa analalamika, mbuzi naye akajiunga. Mwenye mtumbwi akaniita.

"Madame! Utaweza peke yako kidogo?"

"Nitaweza!"

"Mutoto iko na moto sana! Nafikisha hawa, narudi sasa hivi!"

"Nenda!"

Wakaenda. Nikabaki peke yangu katikati ya mto, na nitasema ukweli: nilifurahi sana. Nilicheka ndani ya maji nikameza kidogo. Hakuna kengele ya toleka. Hakuna filimbi. Hakuna mtu wa kuniuliza sukari. Kulikuwa na mto, na mikono yangu miwili, na bidoni linanifuata nyuma. Nilipiga mkono wa kulia, nikapiga wa kushoto, nikainua kichwa, nikaona miti ya ng'ambo imekuwa mikubwa kidogo. Nikarudia. Mabega yaliwaka moto, yakazoea. Miti ikawa na matawi. Kisha nikaanza kuona watu, kisha nikaona rangi za nguo zao, na mmoja wa watu hao alikuwa Kocha, kifua wazi, amesimama mchangani, mikono kiunoni. Hakuweza kurudi kunichukua. Sheria yake mwenyewe ilimfunga. Pembeni yake mama wa mtumbwi alikuwa bado anahangaika kumshusha mbuzi. Nikaongeza mwendo.

Niliwaza maneno nitakayomwambia. Niliyapanga vizuri, nikiyapunguza na kuyaongeza, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na moja kwa Lingala ambalo siwezi kuliandika hapa.

Ndipo mkono ukanishika.

Sikuwa nimesikia kitu. Masikio yalikuwa chini ya kofia, na kofia ilikuwa chini ya maji. Kumbe mtumbwi mrefu uliotoka upande wa chini wa mto, umejaa ndizi za makemba na mkaa na wanawake wa kwenda sokoni, ulikuwa umegeuza njia na kunijia kasi, watu wote wanapiga kelele. Nilishikwa jezi, nikashikwa kamba ya bidoni, nikashikwa kwapa. Nikapiga teke. "Anakufa!" wakapiga kelele. "Mumuone, anapiga-piga!" Nikasema niacheni, maji yakaniingia mdomoni, nikakohoa. "Mayi imemuingia!" Kadiri nilivyopigana nao ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nazama, na walijua kazi yao: walinivuta kwa pamoja, moja, mbili, hop, nikatua kifudifudi juu ya makemba.

"Batu ingine iko wapi?" papa mmoja ananiuliza, anatazama mto juu na chini.

"Batu gani?"

"Ya boti yenu!"

"Hakuna boti!"

"Pole, mama. Pole. Kichwa haiko sawa bado, mumuache apumue."

Niliinuka kwenye makemba. Nilitazama ng'ambo. Haki ya Mungu, ilikuwa hapo. Ningemrushia Kocha kiatu kingemfikia. Nilibakiza kidogo tu, kidogo kama kutoka darasani kwangu mpaka kwenye geti la shule, na nilikuwa nimekaa ndani ya mtumbwi, nimebebwa.

Nikalipuka. Niliwaambia yote. Nani amewatuma? Nani amewaita? Mimi nilikuwa NAOGELEA! Ni mazoezi! Ni spoti! Mmeniharibia! Miezi yote hii, mmeniharibia! Ninyi hamwezi kumwona mtu anafanya kitu chake bila kumtia mikono? Kijana mmoja wa kupiga kasia akaanza kucheka, kisha wanawake wawili, kisha karibu wote. "Eti spoti! Mama huyu, spoti!" Kicheko hicho nacho kilinikera, nikatafuta maneno zaidi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba siwezi kuinua mkono wangu wa kulia.

Mwanamke mmoja alikuwa bado ameushika. Wa umri wangu, labda amenizidi kidogo, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu kwa mikono yake miwili, na hakuwa anacheka.

"Mama, niachilie," nikamwambia. "Mimi ni mzima."

Hakuniachilia. Alizidi kukaza.

"Niliona bidon," akasema.

Ndipo nikaelewa, na ndipo na wale wengine wakaacha kucheka. Mtu yeyote wa mto huu anajua bidoni la njano katikati ya maji na kichwa cha mtu karibu yake maana yake nini. Maana yake boti imezama. Wanaopona kwenye ajali za maboti ni wale waliopata kitu cha kushika, na kitu hicho karibu kila mara ni bidoni. Kila mtu anajua, hata mimi nilijua. Tulikuwa watu watatu wazima, mmoja wetu mtoto wa mto kabisa, tukajifunga kiunoni alama ya ajali, tukaingia majini tunapongezana.

"Ile siku ya boti yao," mwanamke akasema, "bale balipatikana bote balikuwa na bidon. Mutoto yangu hakukuwa na bidon." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Balisema aliitwa, hakusikia. Na weye nilikuita. Nilikuita sana. Haukusikia."

Nilimwambia nilikuwa na kofia. Ndilo jibu nililolipata.

Wapiga makasia wakageuza mtumbwi kuelekea bichi ya Lubunga, ili wanishushe. Mwanamke akanivuta karibu kwa kile kifundo.

"Apa," akasema. "Mbele ya Mungu. Hautaingia tena mu mayi ii."

Mimi ni mtu wa kubishana. Nimebishana na wakaguzi, na wakwe, na mtu wa toleka. Nilikuwa na majibu, na yote yalikuwa ya kweli: kwamba najua kuogelea, kwamba nilikuwa salama kuliko yeye mle kwenye mtumbwi uliozidi mzigo, kwamba ni haki yangu, kwamba nilibakiza kidogo tu. Nilifungua mdomo niyatoe. Alikuwa ananitazama uso kwa uso, anangoja, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye ngozi yangu.

Nikaapa.

Akaniachilia. Akaokota kitambaa chake, akajifunga kichwa, akakaa kati ya wenzake. Walinishusha kwenye maji ya magoti na mtumbwi ukageuka kurudi upande wa soko.

Kocha alikuwa amenifikia kabla sijasimama vizuri. "Hiyo haihesabiwi!" akasema. Tonton akasema alibakiza kidogo sana, jamani, kidogo sana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumkubalia Kocha. Kocha mwenyewe akalegea. Akanipa taulo. Akasema, sawa, Jumapili ijayo utarudia, na bidoni tutaacha, nitaongea na bale ba mitumbwi yote bakuache.

"Sitarudia," nikasema.

"Unaogopa mayi sasa?"

"Siogopi. Nimeapa."

"Umeapia nani?"

Niligeuka nimwonyeshe. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kufika mbali, na kati ya ile migongo yote na vitambaa vyote vya vichwa sikuweza kusema upi ni wake.

"Simjui," nikasema.

Kocha akaniambia kiapo kwa mtu usiyemjua si kiapo. Alinieleza kwa urefu, kwa upole, kama mtu wa ofisi, na kila alichosema kilikuwa na akili. Wiki mbili baadaye walikwenda Isangi wawili, na wazo lilikuwa langu. Nina hasira mpaka leo. Mto mkubwa sijauingia tena.